Mbwa wa Shamba la Mkonge

Mjukuu wangu mmoja, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam na amenunua eka ishirini za shamba upande wa Mkata, alinijia na picha ya mbwa katika simu yake. Baada ya kuniamkia na kunipa habari za nyumbani kwake, akaniwekea picha ile mbele ya miwani yangu.

"Babu, mbwa huyu unamwonaje? Anaitwa spanieli. Nataka mbwa wa kuwindia kanga kule shambani, na papo hapo awe rafiki wa watoto nyumbani."

Nilimtazama yule mbwa: masikio marefu yaliyoning'inia kama majani ya mgomba yaliyonyauka, manyoya ya kahawia na meupe, macho ya upole. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba mbwa wa namna ile namfahamu, na kwamba niliwahi kuwa naye. Hakuamini. Nami sikumlaumu, maana katika ukoo wetu waliolijua jambo hilo tulikuwa watatu, yaani mimi, baba na mama. Wazazi wangu wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na nyumbani kwetu habari hiyo haikuzungumzwa tena baada ya mwaka 1975. Swali la kijana lilikuwa jepesi, lakini jibu langu lilichukua jioni nzima, nami naliandika hapa pamoja na yale niliyoona haya kuyasema mbele yake.

Ni lazima nianze na mkonge, kwa sababu mbwa yule alikuja kwetu kwa njia ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote tuliyoyakuta tulipozaliwa. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kandokando ya reli mashamba yakaenea, yakaja makambi ya manamba, yakaja na majumba ya mabwana yenye vibaraza vipana. Katika vibaraza hivyo ndipo walipolala mbwa wa kizungu.

Mimi niliwaona nikiwa mtoto katika miaka ya 1950, nilipofuatana na baba kwenda kumtembelea binamu yake aliyekuwa mkata mkonge karibu na Korogwe. Mbwa walikaa nyuma ya gari la meneja, ndimi nje, nao walijua kubagua: mzungu akipita kimya, manamba akipita kelele. Nilikuwa nawaogopa na kuwatamani kwa wakati mmoja. Mwenye kusoma haya ambaye alikua katika zama hizo huenda ananielewa.

Baba yangu alikuwa Mzigua wa upande wa Sindeni, mkulima, na katika majira yake mwindaji. Alikuwa na mbwa watatu. Majina yao yalikuwa ya kuwasemea majirani, kama ilivyokuwa desturi: mmoja aliitwa Tutaona, wa pili Siyasemi, na jike akaitwa Wenyewe. Walikuwa mbwa wembamba, manyoya mafupi ya rangi ya udongo, masikio yamesimama. Wakienda porini walifungwa njuga shingoni ili baba ajue wapo wapi. Walilala nje, chini ya ghala la mahindi. Sisi ni Waislamu, na mafunzo tuliyolelewa nayo ni kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini baba alijua vilevile kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, imehalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Kwa hiyo hakuona tatizo lolote. Mbwa ana mahali pake na binadamu ana mahali pake, na urafiki hupita katikati. Sijapata kuona mtu aliyependwa na mbwa kuliko baba, na sidhani hata mara moja mbwa wake waliwahi kuvuka kizingiti cha mlango.

Kwa kazi gani? Watu wa mjini wakisikia "kuwinda" hufikiri nyama. Nyama ilikuwepo: kanga, kwale, ndezi, digidigi. Lakini kazi kubwa ya wale mbwa ilikuwa shamba. Nguruwe mwitu wakiingia katika mahindi usiku mmoja, jamaa nzima hula mwaka mzima hesabu ya usiku huo. Watu walikesha kwenye madungu, na chini ya dungu walikesha mbwa.

Hapa naomba niingize historia kidogo, kwani nilifundisha somo hilo miaka mingi na ulimi wangu haujaacha. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori iliyodai leseni za uwindaji na kutenga hifadhi. Tawala zilizofuata ziliongeza masharti. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 tauni ya ng'ombe ilikuwa imefagia mifugo, na njaa juu ya njaa ikawapunguza watu wa Uzigua. Watu wakipungua, vichaka hurudi. Vichaka vikirudi, wanyama hurudi. Na nyuma ya wanyama huja mbung'o. Wanahistoria Helge Kjekshus na James Giblin wameandika juu ya jambo hili, Giblin akiishughulikia nchi yetu hasa ya Handeni. Nilipowasoma, niliona wameandika kwa marejeo na tarakimu yale ambayo baba aliyasema kwa sentensi moja akiwa juu ya dungu: kwamba pori si jirani, bali ni mtu anayesubiri ulale.

Na pori letu halikupenda wageni. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipita Korogwe na Handeni yakiwafukuza Wajerumani. Katika vita ile farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa maelfu, na mmoja wa wauaji wakubwa alikuwa mbung'o. Jambo hilo nililifundisha darasani kabla ya kulielewa.

Sasa nirudi kwa spanieli. Mwanzoni mwa mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache iliyopita, suruali yangu ina mkunjo mkali na kalamu mbili mfukoni. Mashamba ya mkonge mengi yalikuwa yametaifishwa mwaka 1967, na wageni waliobaki walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Bwana mmoja ambaye nilimfundishia watoto wake Kiswahili jioni alikuwa anafunga mizigo. Mbwa wake alikuwa amezaa. Akanipa mtoto mmoja dume, pamoja na mkanda wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Alikuwa amekwisha kumwita Bruno, nami sikuthubutu kulibadili jina.

Wacha niseme haki ya mbwa huyu. Jina la spanieli latokana na Hispania, ingawa waliomlea hadi akawa huyu tumjuaye ni Waingereza. Kazi yake ya kale, kabla ya bunduki kuenea, ilikuwa kuingia vichakani na kuwatimua ndege ili wanaswe na nyavu au wakamatwe na mwewe waliofugwa. Baadaye akaja kuwatimulia wenye bunduki. Yule mkubwa wao, ambaye jina lake la Kiingereza latokana na kule kuwarusha ndege, alitambuliwa rasmi na chama cha mbwa cha Uingereza mwaka 1902, mwaka ule ule reli ilipofika Korogwe. Ana kinywa laini: anaokota ndege aliyeanguka na kumleta bila kumtafuna. Ana tabia ya kukaa karibu na mtu, hapotei mbali. Kwa watoto hana mfano. Bruno aliwaruhusu wadogo zangu wamvute masikio, naye akafumba macho kama mzee anayenyolewa.

Basi kwa nini asifae? Nilichelewa kuligundua hili. Spanieli anamrusha ndege hewani, na bunduki ya marisau inampiga akiwa hewani. Baba hakuwa na bunduki ya marisau. Alikuwa na gobore la kushindilia, na gobore halimpigi ndege arukaye; ukisha kuwasha, ndege amekwisha kufika Segera. Mbwa wa baba walifanya kinyume. Waliwakimbiza kanga mpaka wakapanda mtini, kisha wakakaa chini wakiwabwekea, na kanga, kwa upumbavu wao, wakabaki pale juu wakiwashangaa mbwa. Baba akafika taratibu, akapata shabaha ya kutulia. Mbwa wa kule alilelewa na bunduki ya kule. Mbwa wa hapa alilelewa na gobore, na kabla ya gobore na upinde.

Mimi sikuliona hilo. Niliona mkanda wa shaba. Niliona pia neno, na neno hilo ndilo lililonipoteza. Wazungu wa mashambani waliwaita mbwa wetu "shenzi", nasi wenyewe tuliwaita "mbwa koko", yaani mbwa wa vichakani. Nilipowaonyesha walimu wenzangu Bruno, nilisema huyu si koko. Niliisema sentensi hiyo mara nyingi mno. Mama alimkataza asiingie ndani, akihofia vyungu vyake. Nikanung'unika kwamba wazazi wangu hawajastaarabika. Baba alimtazama Bruno siku ya kwanza, akamshika sikio, akaligeuza ndani nje, akasema, "Mwanangu, sikio hili litakuwa nyumba ya kupe." Hakuongeza neno.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 sisi tulihamishwa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mashamba yakabaki mbali, na mbwa waliokuwa na pori lao wakajikuta wako mia moja mahali pamoja. Nilipewa shule ya kijiji hicho kipya. Mwezi wa saba mtoto wa darasa la pili aling'atwa na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Kidonda kikapona. Baada ya majuma matano akaanza kuogopa maji, na siku ya nne tukamzika. Aliyewahi kuona kichaa cha mbwa kikimchukua mtoto hahitaji kuelezwa, na asiyewahi, nisimweleze.

Ikaamuliwa mbwa wapunguzwe. Wenye bunduki wangekuja siku fulani, nao walitaka orodha. Nani anajua kuandika vizuri? Mwalimu. Nikachukua daftari la shule, nikapiga mistari kwa rula: jina la mwenye mbwa, idadi, aina, maelezo. Katika safu ya aina niliandika "koko" toka juu hadi chini. Mbwa wenye mikanda waliachwa, kwa hoja kwamba wana uangalizi. Katika kijiji kizima mwenye mkanda alikuwa mmoja. Hakuwa amechanjwa, kama wengine wote. Alikuwa na mkanda tu.

Jioni baba alikuja nyumbani kwangu, akasimama uani.

"Mwanangu, na wangu umewaandika?"

"Nimewaandika, Baba. Sheria haimbagui mtu."

"Na huyu wako?"

"Huyu ana mkanda, Baba."

Akasema, "Haya." Kamba ya mgomba shingoni ingetosha kuwa mkanda. Ningeweza kumwambia. Nadhani alisubiri kidogo nimwambie.

Asubuhi yake aliwaleta mwenyewe, watatu, amewafunga kwa kamba hizo hizo za mgomba ili wasikimbie mlio. Wasingemfuata mtu mwingine. Wenyewe, yule jike, alikuja akitikisa mkia kwa sababu alizoea kwamba akifungwa kamba wanakwenda shambani. Baba alizishika kamba mpaka mwisho, na yule mpigaji, ambaye naye alikuwa kijana tu, alitetemeka mikono. Mimi nilikuwa nimeshika daftari.

Siku hizi wataalamu wa afya wanasema wazi kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuwachanja, na ukiwachanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wakati ule sisi hatukulijua hilo, na mtoto alikuwa amekufa kweli. Silitaji ili kujitetea. Kosa langu halikuwa katika elimu ya chanjo.

Msimu uliofuata nguruwe mwitu walifika hadi nyuma ya shule. Mahindi ya shamba la kijiji yalilala chini kama yamepitiwa na trekta. Watu walikesha kwa madebe na mienge, wanafunzi wangu wakasinzia darasani. Nilimpeleka Bruno. Alikimbia kwa furaha, akarusha kwale wawili katikati ya usiku, akarudi kwangu akitazama bunduki iko wapi. Manyoya yake yalijaa mbigili, nikakaa hadi alfajiri nikizichambua.

Mvua za masika ya 1975 zilipoanza, alikonda. Homa ikaja na kuondoka. Kisha macho yake yakaingia ukungu wa rangi ya samawati, na anayejua mifugo ya Handeni anajua ukungu huo una maana gani kwa mbwa. Ni mbung'o. Dawa haikupatikana upesi, na ilipopatikana hakuwa na haja nayo tena. Mimi nilikuwa Korogwe kwenye semina. Niliporudi nilikuta baba amekwisha kumzika chini ya mkwaju, mahali alipowazika wale watatu, kaburi limechimbwa kina cha kutosha ili fisi wasimfukue. Mkanda ulikuwa umeoshwa na kutundikwa mlangoni kwangu. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, na kwa bahati mbaya tuliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1989.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha aina za mbwa duniani, nilikutana na mbwa wa baba. Picha ilikuwa yake kabisa: masikio yamesimama, mkia umejikunja, mwili mwembamba. Maelezo yalisema ni mbwa wa Kongo, na kwamba Mwingereza Olivia Burn aliwaonyesha London mwaka 1937 na watu wakapanga foleni kuwatazama. Siku hizi huuzwa kwa bei kubwa. Jina lake ni Basenji, neno lililo ndugu wa "washenzi" letu. Nilikifunga kitabu, nikatoka nje.

Kwa hiyo, nilimwambia mjukuu wangu, spanieli ni mbwa mwema, na ukimpata mzuri utapendwa. Mtazame kwanza mama yake: akikuogopa au akikuonyesha meno, ondoka. Usimchukue kabla ya majuma manane. Chungulia ndani ya masikio, nusa. Yakiwa na harufu mbaya, utakuwa mteja wa daktari maisha yako yote. Mchane manyoya kila siku. Mzoeshe mlio wa bunduki kutoka mbali, kidogo kidogo. Na mkalishe Dar es Salaam na watoto. Usimlete Mkata akaishi. Kuhusu kanga, nenda kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaulize leseni, maana tangu sheria ya 1974 na ile ya 2009 iliyochukua mahali pake, pori lina mwenyewe, na mitego na mashimo ya mababu ni kosa.

"Na wa shambani je, Babu?"

Tulikwenda Sindeni pamoja. Kwa jamaa mmoja kulikuwa na watoto sita chini ya ghala. Nikamwonyesha namna baba alivyochagua: hutazami rangi, unaangusha sufuria nyuma yao. Wote wakakimbia. Unasubiri. Wa kwanza kurudi kuja kuinusa sufuria ndiye. Alirudi jike mmoja mwenye doa jeupe kifuani.

Tulimpeleka kwa bwana mifugo kuchanjwa alipofikia umri. Yule kijana alijaza kadi, akafika mahali pa aina. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Koko tu." Nilimwomba bwana mifugo aniazime kalamu. Mkono wangu hautulii kama zamani, na nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo niliandika neno moja tu, Sindeni, nikamrudishia.